Njiwa wa Abu Lutfi

Mwaka ule wa korona nilikaa sebuleni na njiwa wa jirani chini ya mtandio wangu, jirani mwenyewe yuko mlangoni anabisha hodi. Nilimwacha abishe.

Msinihukumu kwanza. Ngojeni niwasimulie.

Hapa Amman king'ora kililia, tukaambiwa hakuna kutoka. Mimi nilistahimili, nina ushonaji wangu. Aliyezama ni mdogo wangu Nuzha. Aliacha kula, akaacha kuchana nywele, mwisho akaacha kusema. Kutwa ameelekea ukuta.

Dawa yake niliigundua mwenyewe: paa la jengo letu.

Kule juu, katikati ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, nilimtembeza asubuhi jua likiwa bado laini. Upepo ukimpiga usoni, anapepesa macho. Siku moja akatabasamu. Nikasema, haya, anarudi huyu.

Kesho yake nikakuta kufuli kwenye mlango wa paa.

Ni Abu Lutfi wa ghorofa ya juu, anayefuga njiwa kule paani.

"Hajati, mnanitishia ndege. Wanataga."

"Na mdogo wangu je? Mtu anaoza ndani, Abu Lutfi."

"Mweke roshani."

"Roshani yangu haipati jua."

"Basi mwashie taa." Akacheka, akafunga mlango.

Nuzha akarudi ukutani kwake, hata chai hanywi. Sikugombana. Nilingoja.

Wafuga njiwa wa mtaani kwetu wana desturi yao: ndege wa mwenzio akitua kwako ukamkamata, ni wako. Abu Lutfi alimchukua hivyo njiwa wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwanamume mzima akalia. "Si katua kwangu?" alisema, mtaa mzima ukasikia.

Basi ukaja upepo wa vumbi kutoka jangwani, mbingu ikawa rangi ya dengu. Abu Lutfi, kwa ubishi wake, alikuwa ameshawarusha ndege wake. Nikamsikia akipiga mluzi mpaka pumzi inamkatika. Ndege hawaoni kwao.

Nikamwaga ngano kwenye roshani. Nikakaa, mtandio mkononi.

Akatua jike mweupe mwenye manyoya mpaka kwenye vidole, kipenzi chake. Nikamfunika.

Abu Lutfi alimwona akishuka. Ndiyo hiyo hodi.

"Hajati, nakuomba. Huyo nimemlisha kwa mdomo wangu."

"Katua kwangu."

Akauliza kwa sauti ndogo: "Unataka nini?"

"Ufunguo wa paa."

Akausukuma chini ya mlango. Nami nilikusudia kumrudishia ndege wake, Mungu shahidi. Nikampa Nuzha amshike ili niiname kuuokota.

Nilipoinuka, vidole vya Nuzha vilikuwa ndani ya manyoya, vinatafuta moyo.

"Dada," akasema. Sauti imekauka kama mlango wa zamani. "Usimpe."

Nikasimama pale, ufunguo kiganjani.

"Abu Lutfi, ahsante kwa ufunguo. Ndege haendi."

"Hajati, si tumekubaliana?"

"Uliniuliza nataka nini, nikakujibu. Wapi nilisema namuuza?"

Alilia kwenye ngazi. Nilimsikia mpaka mwisho, na sikuondoka mlangoni.

Funzo langu ni hili: ukimnyima mgonjwa jua kwa sababu tu ufunguo uko mfukoni mwako, zamu yako ya kuomba ikifika usitegemee huruma. Wengine mtasema ningemrudishia. Semeni.

Mchana ule Nuzha alimaliza sahani nzima ya wali wa dengu, akalalamika kwamba hauna chumvi.