Tangi Lililokosa Pumzi

Fundi akikosa jibu, hutafuta mtu wa kulaumu. Mimi nilimpata Papa Ilunga, muuza mazutu, dizeli ya malori.

Lori kuukuu la Mama Ngoie lilikuwa linazimika kila baada ya kilomita chache, na samaki wake wanaoza. Nilibadilisha filta, mipira ya mazutu, hata pompi. Wapi! Nikatangaza mbele ya watu kwamba Papa Ilunga anachanganya mazutu na maji.

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye tangi la lori. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea zamani. Mdomo wa tangi ulizibwa kwa nailoni iliyokazwa na mpira mwekundu. Akaufungua. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeopolewa majini.

"Tangi nayo inapumuaka, fundi; bila hewa mazutu haishuke. Sasa ni nani alifunga hii?"

Wote wakageukia sanduku langu la vifaa, lililofungwa kwa mpira uleule mwekundu.