Namba Moja ya Kijiji cha Dolmoe

Tak Yeongbae alikuwa na miaka sitini na saba, na pale Dolmoe wote walimwita Kijana. Wala hawakuwa wanamtania. Kijiji kilikuwa na nyumba ishirini na mbili, na katika nyumba zote hizo hapakuwa na mtu mdogo kuliko yeye, kwa hiyo alipohamia tu walimpa uenyekiti wa umoja wa vijana. Mwanachama wa umoja huo alikuwa yeye peke yake. Vikao vilikuwa vifupi.

Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo wa vipuri vya treni kwa miaka thelathini na moja. Wewe unayesoma, kama hujawahi kukaa nyumba moja na mtunza stoo, shukuru Mungu. Mtu huyu alipanga soksi zake kwa rangi na vijiko vyake kwa urefu, na sabuni ya kuogea aliiandika tarehe aliyoifungua. Hakuwahi kuoa. Mwenyewe husema hakupata nafasi. Mimi nasema wanawake waliliona kabati lake wakaondoka kimyakimya. Jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba katika daftari la stoo, kwa miaka yote hiyo, hakuandika hata mstari mmoja wa uongo.

Sasa, pale Dolmoe kila mama alikuwa na redio. Si redio ya kusikilizia habari. Ni kidude cha kutosha kiganjani, kina kadi ya nyimbo ndani na vitufe vya namba juu, ambacho watoto walioko mjini huwanunulia wazazi wao ili wasisemwe kwamba hawapigi simu. Unabonyeza 45, unapata wimbo wa arobaini na tano. Akina mama wale macho yalikuwa yamechoka, majina ya nyimbo hawakuyajua wala hawakuyataka. Walizungumza kwa namba. "Jana 61 imeniliza nikaunguza wali," mmoja angesema, na wenzake wangetikisa vichwa kwa huruma. Au, "Mkwe wangu yule ni 140 mtupu," na ukumbi mzima wa kijiji ungevunjika mbavu, kwa kuwa 140 ni wimbo wa mwanamume anayelala mpaka mchana.

Nyimbo zote, mia tatu na kumi na mbili, zilikaa kwenye kompyuta ya Kijana. Kila mwanzo wa mwezi akina mama walimletea redio zao, naye akazichomeka moja moja kompyuta izisawazishe, zote ziwe na nyimbo zilezile kwa namba zilezile. Hakutaka malipo. Lakini kila siku ya kutia kimchi, kijiji kizima kinapokusanyika kupaka kabichi pilipili na vitunguu saumu kwa ajili ya majira ya baridi, kila nyumba ilidondosha vichwa viwili vitatu vya kabichi hiyo kwenye mtungi wa Kijana.

Usiudharau mtungi ule. Mwaka wake wa kwanza pale, kabla ya mambo ya redio, hakuna aliyemtilia kitu. Alikula kimchi ya dukani, ya pakiti, na kijiji kizima kilijua kwa sababu pakiti zilionekana kwenye takataka zake. Walimwonea huruma kwa sauti ya chini, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Mtungi ulipojaa mwaka uliofuata, aliufunika, akakaa kando yake akautazama tu. Alijiona ni mtu wa Dolmoe.

Basi vuli ya mwaka huu, mavuno yamekwisha, Kijana akafungua kompyuta na kuikagua stoo yake ya nyimbo. Akaona aibu. Wimbo wa kilio umekaa karibu na wimbo wa kucheza. Mwimbaji mmoja yuko namba 12, halafu 90, halafu 207. Kila wimbo ulikuwa umeingizwa siku ulipopatikana, basi. Alijisikia kama mtu aliyekuta bolti kwenye droo ya nati. Akanywa chai, akakunja mikono ya shati, akazipanga zote upya kwa alfabeti. Orodha ya zamani hakuinakili popote, maana kwake stoo ni moja na daftari ni moja. Mwanzo wa mwezi akasawazisha redio ishirini na moja, yake ikiwemo, akawarudishia wenyewe zao, akalala mchana ule kwa amani kabisa.

Asubuhi yake mambo yakaanza kwenda mrama.

Mama Seolok, mwenye miaka tisini na moja, hulisha kuku wake kwa namba 7, wimbo wa taratibu wa mto na mwezi. Alibonyeza 7 zikalipuka ngoma na tarumbeta. Kuku walipanda juu ya banda na siku tatu hawakutaga. Lakini mama huyo ni mwepesi wa kusamehe. Balaa lilimpata Mama Boseong, mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa anaadhimisha siku aliyofariki mumewe. Chakula kimepangwa, mashemeji wamejipanga na suti zao, watu wameinamisha vichwa. Mama Boseong akabonyeza 108, wimbo alioupenda marehemu. Redio ikaimba kwa sauti kubwa habari za mwanamke anayemwambia mumewe aende zake, asirudi, na mlango umeshafungwa.

"Beti zote tatu," Mama Boseong alisema ukumbini, mbele ya wenzake wote. "Maana kitufe cha kuzimia nilikitafuta nisikione. Shemeji yangu mkubwa mpaka leo hajanipigia simu."

"Mama, lakini sasa zimepangwa vizuri," Kijana alisema. "Kwa alfabeti."

"Nani amekuomba alfabeti?"

Hakuna aliyemwomba.

"Kijana, sikiliza. Alhamisi tunatia kimchi. Namba zikirudi kama zilivyokuwa kabla ya Alhamisi, mtungi wako tutaujaza. Zisiporudi, nenda ukatiliwe kimchi na huyo alfabeti."

Ilikuwa Jumamosi. Kijana akachukua karatasi, akamwuliza kila mama namba anazozikumbuka. Kila mmoja alikumbuka zake tatu nne, na wawili walitaka kushikana nywele kwa sababu ya 33. Jumla alipata nyimbo arobaini. Nyingine zote zilikuwa zimepotea.

"Si kuna redio moja hukuisawazisha?" Mama Seolok akasema kutoka kwenye kona yake. "Ya Mama Gokseong."

Kijana akakunja karatasi yake polepole.

Mama Gokseong alikuwa na miaka sabini na nane na shingo ngumu ya kutosha watu wanne. Mwaka uliopita, siku ya kimchi, alimwuliza Kijana mbele ya watu, "Vipi, imekolea?" Naye mtunza stoo, aliyeulizwa swali, akatoa jibu sahihi: "Chumvi imezidi kidogo." Akina mama wakacheka. Jina la Mama Chumvi likamganda. Tangu siku hiyo hakumsemesha Kijana, hakumpelekea redio, na ukumbini alionekana kwa nadra.

Jumapili asubuhi Kijana akajikaza kisabuni, akaenda. Alimkuta uani, mbele yake beseni la vitunguu saumu.

"Shikamoo, mama."

"Unamwamkia nani? Hapa hapana mtu. Kuna chumvi tu."

"Mama, nimekuja kuomba redio yako. Mara moja tu."

"Nimesikia. Kuku wa Seolok wamegoma." Akamsukumia beseni. "Menya."

Alimenya. Vitunguu saumu vilikuwa vya kutosha kuua mazimwi ya wilaya nzima. Mpaka saa sita mchana vidole vinamwasha na machozi yanamtoka. Mwishowe mama yule akavua redio shingoni.

"Ukiniharibia," alisema, "nakukata masikio nayatia kwenye mtungi."

Kijana alirudi nyumbani mbiombio, redio kaikumbatia. Akaichomeka kwenye kompyuta. Mikono ilikuwa inanuka, akaenda kunawa na kubandika maji ya chai jikoni. Aliporudi, kioo kilikuwa kimeandika: Redio imesawazishwa.

Alisimama pale na birika mkononi. Mwenyewe ndiye aliyeielekeza kompyuta hiyo, zamani, kwamba redio yoyote itakayochomekwa isawazishwe papo hapo bila kuuliza, ili kuokoa muda. Ilikuwa imeokoa muda. Alibonyeza 7 kwenye redio ya Mama Gokseong, ngoma na tarumbeta zikalipuka.

Nakwambia ukweli, aliwaza kuhama. Aliwaza hata begi lipi angelichukua. Kisha akavaa viatu akarudi kule kule, maana hasara ya stoo huripotiwa siku hiyo hiyo.

"Mama, nimeifuta," alisema langoni. "Yote. Sina la kujitetea. Na masikio haya hapa."

Mama Gokseong akaichukua redio. Akabonyeza 1, akasikiliza kidogo. Akabonyeza 2. Akabonyeza 3.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Kaa chini. Andika."

Kijana hakuelewa.

"Nazijua zote," alisema mama yule. "Moja mpaka mia tatu na kumi na mbili. Kila siku nimezianza mwanzo nikazimaliza mwisho. Mwaka mzima nimekaa na nani mwingine mimi?"

Kijana aliinamisha kichwa kwenye karatasi. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio yale yale aliyokuwa ameyatoa sadaka. Hakuwahi kufikiri kwamba jibu sahihi linaweza kumfungia mtu ndani mwaka mzima. Alitaka kuomba radhi, lakini mama yule alikuwa ameshaanza.

"Namba moja," alisema Mama Gokseong, "ni ule wa bwana aliyepoteza suruali mtoni."

Kalamu ikasimama. Namba moja Kijana aliijua vizuri sana. Ulikuwa wimbo wa kituo cha treni, wa mtu aliyeachwa jukwaani na mzigo wake, na aliuweka yeye kwa mkono wake, wa kwanza kabisa, kwa heshima ya kazi yake ya zamani. Akainua macho. Mama Gokseong alikuwa anamtazama bila kupepesa. Akauandika wa suruali.

Walifanya kazi siku tatu, mchana kutwa, yeye anaimba kwa pua na Kijana anatafuta. Walikunywa chai ya shayiri, wakala viazi vitamu vya kuchoma, na mara mbili Mama Gokseong alicheka. Namba 7 ilirudi mahali pake, 108 pia, na 33 ikawa si ya mmoja wala mwingine kati ya wale waliotaka kushikana nywele. Wa mwisho kabisa, namba 312, alisema ni ule wa mtu analia kituo cha treni. "Wimbo wa hovyo," aliongeza. Kijana akaandika.

Jumatano jioni redio zote ishirini na mbili zilisawazishwa. Alhamisi kijiji kikakutana uani kwa Mama Boseong. Kabichi mia nne zilikuwa zimelowekwa chumvi na kuchujwa, akina mama wamevaa glavu nyekundu za mpira, redio shingoni, na Mama Gokseong naye alikuwepo, kakaa pembeni anapaka pilipili bila kumtazama mtu. Mtungi wa Kijana ulikuwa kati ya mingine, mtupu.

"Tukague," alisema Mama Boseong. Wakabonyeza. Mama Seolok alisikia mto na mwezi akafumba macho. Namba 61 ilimliza mtu palepale. Mama Boseong aliisikiliza 108 mpaka mwisho, akajifuta kwa kiwiko. Kijana akaanza kupumua. Kisha mama mmoja akabonyeza 1, na yule bwana wa suruali akaanza kulalamika mtoni.

"Hii siyo," alisema Mama Boseong. "Namba moja ilikuwa ya treni. Au nimezeeka?"

"Ya treni," wakasema wawili watatu.

"Ya suruali," alisema Mama Gokseong, hakuinua kichwa.

"Wewe nyamaza, wewe unaipenda hiyo tangu ujana wako. Kijana ndiye mwenye daftari. Kijana, namba moja ilikuwa ipi?"

Glavu zote zikasimama. Kijana aliitazama mitungi, akaitazama redio. Miaka thelathini na moja, hata mstari mmoja. Akafungua kinywa.

Kabla neno halijatoka, Mama Gokseong alikuwa ameshafika mbele yake. Alichukua jani la kabichi aliyoipaka yeye, akalizungushia kipande cha nyama ya nguruwe ya kuchemsha, akamtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kama watu wa hapa wanavyolishana siku ile. Kijana akatafuna. Wote wakamngoja ameze. Macho yalimjaa machozi, na ulimi ukawa kama umelambishwa bahari.

"Ya suruali," alisema. "Tangu zamani. Nina hakika."

Mama Boseong alimtazama. Kisha akamtazama Mama Gokseong, akarudi kwenye kabichi zake. "Basi mimi nimezeeka," alisema.

"Na kimchi?" akauliza Mama Gokseong polepole. "Vipi mwaka huu, imekolea?"

"Imekolea, mama," alisema Kijana. "Sijapata kula iliyokolea hivi."

Siku hizi asubuhi Dolmoe nzima huamka na bwana aliyepoteza suruali mtoni, nyumba ishirini na mbili kwa pamoja, na Mama Gokseong huja ukumbini kabla ya wote. Mtungi wa Kijana ulijaa mpaka ukingoni, nusu yake kutoka nyumba moja, na baridi hii yote anakunywa maji kama ng'ombe.