Mkono Juu ya Mkate

Bibi, mama mkwe wa Nevenka, hugonga mikate kama mtu anayebisha hodi. Mkate ukitoka kwenye oveni anaugeuza, anaugonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anaguna. Vidole vyenyewe vimepinda kama tangawizi. Akitaka kukusifu anakutukana: "Mvivu wee, leo chumvi umeipatia." Tangu mwanawe, mume wa Nevenka, afariki, Nevenka anangoja kuambiwa arudi kwao. Haambiwi kitu, anasukumiwa unga tu akande.

Sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa ukoo wao, padri kafika na mshumaa unawaka. Mkate wa mtakatifu hushikwa na kuzungushwa na padri pamoja na mwenye nyumba, na mwenye nyumba siku zote ni mwanamume. Mzee Radisav, ndugu wa marehemu mumewe bibi, keshakunja mikono ya shati.

"Shemeji, mtakatifu hufuata damu. Huyu mjane mwache aende kwao."

Bibi akafuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja. "Damu yako ilikuwa wapi nilipovunjika nyonga? Huyu ndiye aliyenibeba chooni huku ananiimbia zaburi, na sauti yenyewe kama bata!"

Padri akakohoa kuficha kicheko. "Lakini Mama, desturi..."

"Desturi nimeikanda mimi tangu hujabatizwa. Zungusha, Baba."

Akaudaka mkono wa Nevenka, akaubandika juu ya mkate, na wake akauweka juu ya ule wa Nevenka. Radisav akaanza kushusha mikono ya shati.

"Kaza, mvivu wee," bibi akamwambia Nevenka, na mkate ukazunguka.