Nepi Ishirini Kwa Kamba

Jambo hili limenigharimu shilingi elfu mbili na mia nne, pamoja na heshima yangu hapa Kitengela, ambayo bei yake sijui.

Niliamua mtoto wetu wa kwanza atavaa nepi za kitambaa, si hizi za kutupa. Mke wangu Ndinda alikuwa amebakisha wiki tatu ajifungue. Nikanunua nepi ishirini sokoni kwa hizo elfu mbili na mia nne, nikibishana bei mpaka muuzaji akanisihi niende nyumbani. Alisema zifuliwe kwanza ndio zishike maji, kwa hivyo Ndinda alipoenda kliniki nilizifua, nikazianika zote uani.

Kwa ploti yetu, ambapo wapangaji wote tunatumia uani mmoja, nepi zikionekana kwa kamba, mtoto amefika. Nilijua hivyo, lakini akili ilikuwa kwa pegi, nikizihesabu mara ya pili.

Saa saba Mama Mutua, jirani yetu, akaingia na wamama wa ploti, vigelegele juu, wamebeba sufuria ya njahi, chakula cha mzazi.

"Hongera, baba mtoto! Mzazi yuko wapi?"

"Bado yuko kliniki," nikasema. Ningeeleza zaidi, lakini njahi ilinukia. Nikala sahani moja, nikaongeza ya pili.

Ndipo Ndinda akaingia, tumbo likimtangulia. Vigelegele vikakatika.

"Baba mtoto," Mama Mutua akauliza polepole, "kwani tumempikia nani?"

Kijiko kilikuwa mdomoni. Sasa wamama wameapa hawapiki mara mbili, na Ndinda anataka njahi yake akijifungua. Nishaurini: nawaombaje?