Nilisokota Pamba Mpaka Mkono Ukarudi

Siku niliyochoka kunyamaza nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki nafuma. Nilikwenda kupimwa presha, kama ninavyokwenda kila mwezi tangu niumwe, na foleni ya kituo chetu cha afya ukiisubiri mikono mitupu utazeekea pale. Mbele yangu alikuwepo binti mjamzito, mdogo tu, amevaa ndala za kiume kwa sababu miguu ilikuwa haiingii tena kwenye viatu vyake. Akaingia kwa muuguzi, mlango ukabaki wazi. Nikamsikia akisema, "Dada, kichwa kinanigonga sana, halafu naona kama nyota nyota."

Muuguzi akacheka. "Ndiyo mimba hiyo. Nyie mkishapata mimba mnataka mbebwe mgongoni. Na miguu hiyo, dume hilo linakuja. Nenda nyumbani, urudi tarehe yako."

Maneno yale nayajua. Niliambiwa mimi, kwenye chumba kile kile, na mdomo ule ule.

Sindano zilidondoka sakafuni, uzi ukaviringika chini ya mabenchi ya watu. "Mpime presha!" nilisema. Ulimi wangu tangu niumwe unajikwaa kwenye baadhi ya maneno, lakini siku ile walinisikia mpaka dirisha la dawa.

"Wewe mama, subiri zamu yako."

"Zamu yangu ilishapita. Mpime huyu. Sasa hivi, nikiona."

"Kwani wewe daktari?"

"Mimi ni yule uliyemwambia anadeka."

Alinitazama usoni, akautazama mkono wangu wa kulia. Sidhani kama alinikumbuka, na hilo liliniuma kuliko yote. Akavuta mashine kwa hasira, akamfunga binti kile kitambaa cha presha. Mashine ilipomaliza, hakucheka tena. Alitoka mwenyewe, mbio, kwenda kutafuta gari la wagonjwa.

Nilirudi nyumbani Kiseke, hapa Mwanza, nikaamua kwamba sasa nitasema. Kwa hiyo akina mama wenzangu, na nyie wanaume mnaosoma, huu ndio ugonjwa wangu ulivyoanza na nilivyoupita.

Nilikuwa mzima kabisa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Masanja, fundi wa injini za boti, tukapata binti yetu Leti. Kazi yangu ilikuwa kufuma: vitambaa vya makochi, kofia, sweta za watoto. Nilikuwa nafuma huku naongea, huku napika, huku namkimbiza Leti asiingie barabarani. Haraka haraka, maana wateja hawangoji. Mimba ya pili ilipofika, nikaanza sweta la rangi ya maziwa kwa ajili ya mwanangu mwenyewe.

Mama mkwe akaliona. "Mayu," aliniambia, hivyo ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, hata mwana ukimbembeleza, "liweke hilo. Mtoto hafumiwi kabla hajalia."

Nikacheka. Nikaendelea kufuma.

Mimba ilipokomaa nikaanza kuvimba. Kwanza miguu, halafu vidole, pete ikagoma kutoka. Asubuhi nikiamka uso umejaa kama nimeumwa na nyuki. Nyumbani wakafurahi! Kwao miguu ikivimba hivyo ni mtoto wa kiume. Mama mkwe akanikanda kwa maji ya chumvi, shangazi zake Masanja wakaanza kubishana mtoto aitwe babu yupi. Kichwa kikaanza kuuma hapa mbele, juu ya macho. Nikawa naona vimulimuli mchana kweupe. Chini ya mbavu kulikuwa na maumivu kama mtu ananisukuma kwa ngumi.

Nikaenda kliniki, nikamwambia muuguzi yote hayo. Hakunigusa. Akaniambia ni dume, na kwamba mimba ya pili sipaswi kudeka hivyo. Nikamwamini. Kwani alikuwa na sare na mimi nilikuwa na khanga.

Kesho yake nilikuwa nakaanga dagaa. Nakumbuka mafuta yalivyolia. Baada ya hapo sina kumbukumbu, nasimulia niliyosimuliwa. Nilianguka, nikakakamaa, nikatoa povu na damu, kwa sababu niliung'ata ulimi. Nilijikojolea. Mama mkwe alipiga kelele kwamba nimetupiwa kitu, akataka nifukizwe ubani kwanza. Masanja alifika ana grisi mpaka kwenye viwiko. Alinibeba hivyo hivyo akaniingiza kwenye bajaji. Njiani nikakakamaa tena, na akaniwekea kidole chake mdomoni. Daktari baadaye alimwambia usifanye hivyo kamwe, mlaze mtu ubavu. Kovu la meno yangu analo.

Nilipozinduka kwenye hospitali kubwa nilikuwa na mpira wa mkojo, mshono tumboni, na tumbo lilikuwa limelala. Nikataka kulishika kwa mkono wa kulia. Mkono haukuja. Niliuona uko pale juu ya shuka, kama samaki aliyesahauliwa kwenye beseni. Nikataka kuuliza mtoto yuko wapi, mdomo ukatoa mate.

Daktari alikuwa mwanamke, alivuta kiti akakaa. Namshukuru kwa kukaa. "Mama, ulipata kifafa cha mimba. Presha ilipanda mpaka damu ikavujia kwenye ubongo. Mtoto tulimkuta ameshafariki. Wewe tumekupata."

Masanja alikuwa amesimama ukutani. Nilimtazama, akatazama dirisha.

Walikuwa wameshamzika. Kwetu kichanga kisicholia hakiwekewi turubai, hakina matanga. Akina mama wachache wanakwenda nacho asubuhi, wanarudi, wananawa mikono, basi. Na mama yake haruhusiwi kulia, wanasema utajifunga uzazi. Maziwa yakaja. Mtoto hayupo, maziwa yamejaa, yamevimba kama mawe, yanalowesha gauni. Wakanifunga kifua kwa khanga, wakaikaza, na kila aliyeingia akaniambia, "Usilie, mwenzetu, bado kijana, utazaa mwingine."

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, sweta sikulikuta, wala sindano, wala nyuzi. Mama mkwe alizitia jikoni zikaungua. "Nilikukataza," alisema, na akalia yeye, ambaye aliruhusiwa.

Mama yangu alikuja akanichukua mimi na Leti, akatupeleka kwetu, nje ya Magu, kwenye mashamba ya pamba. Sikuweza kufunga khanga. Sikuweza kujisafisha chooni bila mama. Nikiongea, Leti anacheka, "Mama anaongea kama ana kiazi cha moto!" Nilitamani kumchapa, na mkono wa kumchapia sina. Mtaalamu wa viungo alinipa mpira wa kuminya. Niliuchukia ule mpira. Unauminya, halafu? Unauminya tena.

Mama yangu si mtu wa maneno laini. Siku moja alimwaga mbele yangu kiroba cha pamba fifi, ile yenye madoa iliyokataliwa kwenye mizani, akasema, "Kama huminyi mpira, nichambulie mbegu. Siwezi kukaa na mtu anayetazama ukuta."

Mbegu ya pamba ina ubishi. Nyuzi zimeishika, na lazima uivue taratibu kwa ncha za vidole. Kwa mkono wa kushoto niliweza. Wa kulia nikauweka tu juu ya pamba, mama akanikunjia vidole kimoja kimoja juu ya mbegu. Mwanzo sikusikia kitu. Siku zikaenda. Halafu asubuhi moja, nimekaa kibarazani, kidole gumba kikasikia. Kilisikia kitu kigumu ndani ya kitu laini. Nikamwita mama kwa kelele, akadhani nimeanguka tena.

Baada ya kuchambua, tukaanza kusokota. Mama alinianzisha na alichokijua: utambi wa koroboi. Unachukua fungu dogo la pamba, unaliweka juu ya paja, unaliviringisha kwa kiganja. Kiganja kikipooza, hakisukumi sawa, utambi unatoka una vivimbe kama nyoka aliyemeza vyura. "Huu ukiuwasha utakohoa," mama alisema. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niamke, na mdomo ulikwenda upande mmoja.

Kisha akakata kipande cha kibuyu, akakitoboa katikati, akachomeka kijiti. Bibi yangu alisokotea hivyo. Unafunga pamba juu ya kijiti, unakizungusha kama pia, kinaning'inia hewani kinazunguka, na wewe unaiachia pamba kidogo kidogo iingie kwenye msokoto. Jamani. Sijui niseme nini. Pale kati ya vidole vyako pamba ni wingu, sentimita chache chini yake ni uzi, na hujaona ilipogeuka. Nimefuma miaka yote kwa nyuzi za dukani na sikuwahi kuuliza uzi unatoka wapi.

Na hauharakishwi. Mimi niliyekuwa nafuma huku nageuza ugali, nilikaa asubuhi nzima nikapata uzi wa urefu wa Leti. Nilipokumbuka kile chumba cha kliniki nilivuta kwa nguvu, uzi ukakatika, kijiti kikaanguka. Watu husema kazi hii ilinituliza hasira. Si kweli. Hasira ninayo mpaka sasa, mnaiona. Ila kwa saa zile ilikaa pembeni, na nikawa nakaa ndani ya mwili wangu mwenyewe. Pumzi, vidole, pamba. Jua likisogea kutoka mlangoni mpaka kwenye kuku.

Tena nikagundua jambo. Mwanamke mwenye kazi mikononi haambiwi asilie. Wanapita, wanasalimia, wanaona unasokota, wanakwenda zao. Nikawa nalia nasokota. Mama naye anachambua, machozi yanamwagika kwenye pamba, hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Yalikuwa ndiyo matanga yetu.

Siku moja nikamuuliza, maana alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kuzika. "Mama, alikuwaje?"

Alichambua mbegu nyingi kabla ya kujibu.

"Alikuwa wa kike."

Uzi ulikatika, nikauacha.

"Nywele?"

"Nyingi. Zimelala mpaka shingoni. Na vidole virefu kama vyako. Tulimfunga khanga yangu mpya, ile ya bluu. Nilimshika muda mrefu, wenzangu wakaanza kunihimiza." Akapangusa pua kwa mkono. "Sokota, mwanangu. Sokota."

Nilirudi Mwanza nikiwa naweza kushika kikombe. Nilipomwonyesha mtaalamu wa viungo kijiti changu, alikijaribu, uzi ukamkatikia mara tatu, akasema, "Endelea na hiki. Mpira nirudishie." Masanja alinitengenezea fremu ya mbao yenye misumari, nikaanza kufuma nguo nyembamba kwa uzi wangu, nyuzi za kwenda na za kukatiza. Sindano nazo nikazirudia. Vitanzi vyangu sasa havilingani na nafuma polepole sana. Wateja wengine wameniacha. Sawa.

Niliposema nataka kulalamika, kila mtu alinizuia. "Utajibiwa nini? Mtoto atarudi?" Masanja ndiye aliyeogopa zaidi. "Mama Leti, tukija kuhitaji tena pale, nani atakupokea?" Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka siku ya yule binti wa ndala.

Nilipopeleka barua ya malalamiko ofisi ya mganga mkuu, kijana wa mapokezi aliniambia, "Shikamoo mama, weka tu kwenye sanduku la maoni." Mimi na shikamoo! Ugonjwa umenizeesha. Nikamwambia silitaki sanduku, nataka barua ipokelewe kwa mkono na nakala yangu igongwe muhuri. Nilikaa kwenye kiti chao nikatoa kijiti changu, nikasokota, mpaka mkubwa wake akatoka kuuliza pamba ile chini ni ya nani. Waligonga muhuri.

Nawashukuru madaktari walioniokoa. Namshukuru Mungu, na mama yangu, na Masanja mwenye kovu. Mjamzito mwenzangu: ukivimba uso na mikono, kichwa kikiuma, ukaona vimulimuli, ukaumwa chini ya mbavu, usiulize ni dume au jike. Kapimwe presha, na usiondoke mpaka wakupime. Mtu akikakamaa, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, ubani baadaye. Uliyepooza mkono, tafuta kazi ndogo inayouhitaji, uifanye polepole, usione aibu. Na uliyezika kichanga, lia.

Barua niliyoipeleka ni hii. Niliiandika kwa mkono wa kulia.

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTOPIMWA PRESHA KLINIKI YA WAJAWAZITO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilifika kliniki nikiwa mjamzito, nimevimba uso na mikono, naumwa kichwa, naona vimulimuli. Nilimweleza muuguzi. Sikupimwa presha. Niliambiwa nimebeba mtoto wa kiume na kwamba nadeka. Siku iliyofuata nilipata kifafa cha mimba, nikapooza upande wa kulia, na mtoto wangu wa kike akafia tumboni. Juzi nimemsikia muuguzi huyo huyo akimwambia mjamzito mwingine maneno hayo hayo. Nilikuwepo, ndiyo maana alipimwa. Sitakuwepo kila siku.*

*Naomba muuguzi huyo ahojiwe. Naomba kila mjamzito apimwe presha kabla hajaulizwa neno lolote. Naomba nijibiwe kwa maandishi, siyo kwa pole.*

*Ni mimi mlalamikaji, mama wa watoto wawili, mmoja yuko hai.*