Karatasi ya Juu

Siku ile katika ofisi ya kijiji cha ujamaa, Tingi, tulikuwa wanne: mjomba wangu Gaudensi, aliyekuwa katibu, shangazi Skolastika, Osmundi, aliyeniposa na kungoja jibu, na mimi Monika, mfagiaji.

Kila kijana aliandika karatasi ya mahali atakapofanya kazi. Akibadili nia aliandika nyingine, na mjomba aliiweka juu ya ile ya zamani. Osmundi kwanza aliandika Mbamba Bay, kwenye maboti. Kisha akaandika hapahapa Tingi, kwa ajili yangu. Nami nilikwishakata shauri kumkubali.

Nilipokuwa nafagia, karatasi zikaanguka. Nikaziokota kama mtu aokotaye mahindi. Nikajisemea, ziwe juu ziwe chini, zikihesabiwa idadi ni ileile. Nilijiona nina akili.

Mjomba akahesabu, zikatimia. Akaanza kusoma ya juu ya kila mtu.

“Osmundi, Mbamba Bay.”

Osmundi akaitazama karatasi ile. “Mjomba, nani kazipanga hizi?”

“Monika. Ufunguo wa ofisi anao yeye.”

Akanigeukia. “Ni wewe, Monika?”

“Ni mimi,” nikasema, nikitabasamu, nikidhani anasifu usafi wangu.

Akachukua kofia yake, akatoka. Shangazi akanifinya. “Mtoto wewe, ndilo jibu ulilompa mwenzio?”

Nikikosea jina au neno, nisahihisheni. Akinisahihisha Osmundi mwenyewe, nitashukuru zaidi.