Nyeupe ya Gari la Rahimu

Ukitaka kumchokoza Tausi wa Nguvumali, mwambie nyeupe ni nyeupe tu. Atakukalisha chini, akuletee kikombe cha bati, kanzu ya mumewe, kipande cha nazi na unga wa muhogo, kisha akuulize vinafanana wapi. Kwa kazi yeye ni mchoraji hina, na maharusi wa Tanga wanaujua mkono wake usiotetemeka. Lakini anayefika hadi chumba cha ndani hukuta rafu imejaa magari ya kijeshi, kila moja urefu wa kiganja: vifaru, malori, magari ya deraya, ya kijani, ya kahawia, ya rangi ya mchanga.

Ugonjwa huo aliletewa na mdogo wake, Rahimu. Aliporudi likizo yake ya kwanza kutoka jeshini alikuja na boksi la vipande vya plastiki vya kuunga, akahangaika navyo akashindwa hata kubandika gurudumu.

"Lete huku," Tausi akamnyang'anya. "Hivyo vidole vyako ni vya kuchimbia mihogo."

Tangu hapo hakushikika tena.

Sasa Rahimu anaoa. Yuko nchi ya mbali, dereva wa gari la deraya katika kikosi cha kulinda amani, na atafika siku chache tu kabla ya nikaha. Posa yake huko Pangani aliisimamia Tausi, kwa kuwa ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Upande wa mke walikubali, lakini kwa kunung'unika. Shangazi wa bibi harusi, Bi Shadya, aliropoka mbele ya wageni: "Binti yetu tunamwoza simu! Mwanamume mwenyewe hatujui hata anafanya nini huko."

Neno hilo lilimchoma Tausi. Akaazimia kwamba siku ya kupeleka begi la bibi harusi, katikati ya masinia ya kanga, viatu na manukato, kutakuwa na sinia moja limebeba gari la Rahimu, lilelile analoendesha. Wakilitazama wamwone mtu. Na wakilicheka, watakuwa wamemcheka ndugu yake, na yeye ndiye atakayekuwa amewapa cha kuchekea.

Gari la kuunga la aina hiyo alilipata, ila karatasi ya maelekezo ilitaka lipakwe kijani, na magari ya kulinda amani ni meupe. Akampigia simu mwenye gari.

"Jeupe la namna gani?"

"Jeupe tu, dada."

"Rahimu!"

"Dada, jeupe. Kama... jeupe."

Akamkatia. Akaenda gereji kwa Noa, fundi wa kupiga rangi magari, ambaye humtilia mabaki kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi.

"Hii nyeupe ya teksi," Noa alimpangia juu ya boneti. "Hii ya gari la wagonjwa. Hii yenye lulu ndani wanapenda wakubwa. Unaoza au unaolewa, dada Tausi? Mbona unahema hivyo?"

"Nipe iliyo nyeupe kuliko zote. Na uiue mng'ao."

Akaipaka siku hiyo hiyo. Ilipokauka akaliweka gari kwenye sinia barazani, juani, akamwita mumewe, Sele. Sele akalizunguka mikono nyuma kama mkaguzi.

"Mke wangu, hili friji lako lina magurudumu."

Alimrushia kitambaa, lakini aliona ni kweli. Milango imepotea, nati zimepotea, limekuwa donge la sukari. Kijani alishakizoea: kijani chenyewe cha lori ukikipaka kwenye kitu cha kiganja huonekana cheusi, basi yeye hukichangamsha kwa tone la nyeupe. Sasa nyeupe yenyewe utaichangamsha kwa kitu gani? Alikaa akilitazama gari mpaka akacheka peke yake. Haitaki kuchangamshwa, inataka kutulizwa! Akaipoza kwa tone la kijivu na tone la rangi ya maziwa, akapaka upya, na milango ikaanza kurudi.

Ikabaki mistari ya kwenye maungio, na vumbi jekundu alilokuwa akiliona kwenye picha za Rahimu. Hapo akakimbilia anachokijua. Akachuja maji ya hina, akayachanganya na udongo wa barabara ya Muheza, akalipaka gari zima. Kisha akafanya kama anavyofanya kwa maharusi wote: akaliacha likolee.

Asubuhi gari lilikuwa rangi ya embe dodo.

"Limekolea," Sele alisema kwa upole mwingi, akatoka haraka akacheke nje.

Tausi hakulia. Alisugua, akapaka tena nyeupe yake iliyotulizwa, na safari hii aliyapitisha yale maji ya hina kwa brashi nyembamba na kuyafuta papo hapo kwa kitambaa, kipande kwa kipande. Kila alipofuta, nati zilijitokeza, bawaba zikajitokeza, matairi yakashika vumbi. Alikuwa akipiga kelele chumbani peke yake: "Sele! Sele, njoo uone mlango!"

Siku ya begi, huko Pangani vigelegele vilianzia kichochoroni. Masinia yakaingia ndani, na la gari likawekwa mbele ya Khadija, bibi harusi, aliyekuwa amekaa mkekani akisubiri kuchorwa hina. Wanawake wakasogea. Khadija akainama, akalitazama gari kwa muda.

"Wifi," akasema, "umekosea."

Tausi akainama naye juu ya sinia.

"Vumbi la mbele hupanda mpaka chini ya kioo. Wewe umelikomesha kwenye magurudumu."

"Na wewe umejuaje?" Bi Shadya akadakia.

"Shangazi, mwenyewe akinipigia simu ya video husimama mbele ya gari kila siku. Nalijua hili kuliko mlango wa nyumba yetu."

Tausi alicheka hadi machozi yakamtoka. Akavuta bakuli la hina, akamimina kidogo kisahanini, akaizimua kwa maji, akampa Khadija brashi.

"Shika. Paka, ufute hapo hapo. Usithubutu kuiacha ikolee."

"Ya Rabi!" Bi Shadya akapiga mapaja. "Bibi harusi mikono mitupu, gari ndilo linatiwa hina!"

Chumba kizima kikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Bi Shadya akangoja vipungue, kisha akajisogeza, akapiga goti kando ya sinia.

"Haya, na bwana harusi mwenyewe hukaa wapi humo?"

Khadija akakinyanyua kifuniko kidogo cha juu kwa ukucha. "Hapa."

Bi Shadya akavaa miwani yake, akachungulia.